Shabu, ndimu, bikaboneti au deodoranti: kwapa lipewe kipi?

Kama huna muda wa kusoma hadi mwisho, nunua shabu. Ni lile jiwe jeupe linalopitisha mwanga, linauzwa sokoni kwa wauza dawa za asili, na vinyozi wengi wanalo kwenye droo. Kati ya vitu vyote vya asili ambavyo watu hujipaka kwapani, hilo ndilo ninalolipa nafasi ya kwanza. Ndimu, ambayo ndiyo hutajwa na kila mtu akiulizwa dawa ya kikwapa, naiweka mkiani. Najua hapo nimeshawaudhi wengi, kwa hiyo nieleze.

Kwanza, kinachonuka ni nini?

Jasho likitoka tu halina harufu ya maana. Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza, ekrini, zimetapakaa karibu ngozi nzima, hutoa maji yenye chumvi na kazi yake ni kuupoza mwili. Za pili, apokrini, ziko sehemu chache: kwapani, kinenani, kuzunguka chuchu. Hizi hulala utotoni zikaamka wakati wa balehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita hucheza mpira juani kutwa akarudi ananuka vumbi tu, lakini kaka yake wa kidato cha kwanza akivua shati, chumba kizima kina habari.

Majimaji ya apokrini ni mazito, yana mafuta na protini, na kwa bakteria wa kwapani hicho ni chakula. Wanaotajwa zaidi ni jamii ya Corynebacterium na mwenzao Staphylococcus hominis. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walieleza kwa undani kimeng'enya ambacho huyu hominis hutumia kuvunja majimaji hayo na kuachia kemikali za salfa, zile zenye harufu ya kitunguu kilichooza. Kiasi kidogo mno cha kemikali hizo kinatosha kufika puani. Juu yake kuna asidi za mafuta, ambazo moja yake hutoa hasa ile harufu ya beberu.

Kwa hiyo dawa yoyote ya kikwapa inafanya moja kati ya kazi nne: kupunguza majimaji, kuwabana bakteria, kuimeza harufu iliyokwisha kutoka, au kuifunika. Ukijua dawa yako inafanya kazi ipi, utajua pia ni wapi itakuangusha.

Na usijilinganishe na mfanyakazi mwenzako kutoka Korea anayepitisha siku nzima bila kujipaka kitu. Kuna jeni inayoitwa ABCC11. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ndiyo huamua kama nta ya masikio yako ni kavu au yenye unyevu, na jeni hiyohiyo hugusa kikwapa. Wakorea wengi, pamoja na Wachina na Wajapani wengi, wana aina ya nta kavu, na makwapa yao hayana makuu. Waafrika karibu wote tuna nta yenye unyevu. Hapo si suala la usafi.

Shabu dhidi ya ndimu

Nimeziweka hizi mbili pamoja kwa sababu zinafanya kazi inayofanana. Zote ni chachu, na bakteria wa kikwapa hawapendi ngozi yenye uchachu mkali. Ukipaka yoyote kati ya hizo kwenye kwapa safi, harufu itapungua. Anayesema ndimu haifanyi kazi anadanganya. Shida ya ndimu ni bei yake, na simaanishi bei ya sokoni.

Kwa kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, maji ya ndimu yako kwenye 2 hivi. Ngozi yetu ina asili ya uchachu kidogo, kama 5 hivi, na kwapa huwa juu kidogo ya hapo. Kutoka huko hadi 2 ni mruko mkubwa. Kwenye ngozi nzima utasikia mwasho tu. Kwenye kwapa ulilonyoa asubuhi hiyohiyo utaruka. Ukirudia kila siku, ngozi inachubuka kidogokidogo bila wewe kuona, na ngozi nyeusi ikichubuka hujibu kwa kuweka weusi zaidi. Watu wanapaka ndimu ili kwapa ling'ae, miezi miwili baadaye wanatafuta dawa ya kuondoa weusi, wanaambiwa wapake ndimu.

La pili ni baya zaidi. Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, ngozi huungua. Huoni kitu siku hiyo. Wekundu na hata malengelenge huja baada ya siku moja hivi, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na alama nyeusi zinazobaki huweza kukaa wiki au miezi. Kwapa lenyewe limejificha, ni kweli, lakini maji ya ndimu hayakai pale ulipoyaweka. Yanatiririka ubavuni, yanafika mkononi, na vidole ulivyokamulia navyo vina yake. Ukivaa blauzi isiyo na mikono ukaelekea ufukweni, usishangae kupata michirizi usiyojua imetoka wapi.

Anayeng'ang'ania ndimu basi aipake usiku, matone machache kwenye maji, ngozi isiyonyolewa siku hiyo, aoge vizuri asubuhi kabla ya kutoka. Mimi sioni sababu ya taabu yote hiyo wakati shabu ipo.

Shabu ni chumvi ya alumini na potasiamu. Ni jiwe lilelile ambalo bibi zetu walilikoroga kwenye mtungi ili matope ya maji ya mtoni yazame chini. Nilipoulizia sokoni, mazungumzo yalikuwa mafupi:

"Shikamoo mama. Shabu ipo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo. Unataka ya maji au ya kwapa?"

"Kwani zina tofauti?"

"Jiwe ni moja. Bei ndiyo mbili."

Chukua ya maji. Chagua kipande kimoja kinachojaa kiganjani, chenye upande mmoja laini. Vipande vidogo vina ncha zinazokwaruza, na unga wake ukiupaka mkavu unakereketa. Ukishaoga na kujifuta, lilowanishe jiwe kwa maji kidogo, lipitishe kwapani mara tano au sita taratibu, halafu uinue mkono usubiri pakauke. Utasikia ngozi inavutika kidogo, kama mdomo unavyofanya ukila ndizi mbichi. Hapo imeshika. Lifute jiwe, liweke pakavu. Ukilisahau kwenye kisahani chenye maji bafuni, wiki mbili baadaye utakuta limebaki nusu. Na likianguka kwenye sakafu ya vigae linapasuka, na zile ncha ndizo nilizokuonya.

Shabu haina harufu, haina mafuta, na kipande kimoja hukaa miezi mingi. Kwa mtu anayetoka jasho la kawaida, shughuli za ofisini au dukani, inatosha tangu asubuhi hadi jioni. Kwa mbeba mizigo au fundi ujenzi, huenda ikahitaji kurudiwa mchana, baada ya kuosha. Kupaka juu ya kwapa lililokwisha nuka hakusaidii. Hilo ni kwa dawa zote, si shabu peke yake.

Kasoro yake moja ni ya maneno. Wanaoiuza mtandaoni kwa majina ya kifahari huandika "haina alumini". Ina alumini. Si ile inayotumika kwenye vizuia jasho vya dukani, lakini ni alumini. Kama unaikimbia alumini kwa sababu zako, shabu haikufai, na usikubali kuambiwa vingine.

Bikaboneti dhidi ya siki

Hizi ni pande mbili zinazopingana. Siki ni chachu; bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuokea keki, iko upande wa pili wa kipimo, kwenye 8 na kitu. Ukizichanganya zinatoa povu la kupendeza, zinauana, na unabaki na maji ya chumvi. Kwa hiyo chagua moja.

Bikaboneti ina kitu ambacho shabu haina: inaimeza harufu yenyewe, kwa sababu asidi za mafuta zinazonuka hugeuka chumvi zisizoruka hewani. Kwa siku moja, mathalani siku ya harusi, ni nzuri mno. Kwa kila siku, si nzuri. Ngozi inayolazimishwa kukaa upande wa magadi kila asubuhi huanza kuwasha, kukauka na kutoka vipele, wengine ndani ya wiki chache. Ukiitumia, changanya sehemu moja na sehemu tatu au zaidi za unga wa wanga wa mahindi, upake kidogo.

Na kuna onyo hapa. Maelekezo mengi mtandaoni yanasema "magadi soda", na msomaji anakwenda kuchukua magadi ya kulainishia makande. Yale magadi ya mawe, ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi kule Kenya, yana ukali mwingine kabisa. Yakae kwenye sufuria ya maharage. Kwapani yataunguza.

Wengi huchanganya bikaboneti na mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yana sifa yake, maana karibu nusu yake ni asidi ya lauriki ambayo bakteria hawaipendi. Ila mchanganyiko huo unafaa zaidi nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Iringa mwezi wa saba yataganda vizuri kwenye kikopo. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni uji mwaka mzima, na uji huo unahamia kwenye shati. Doa la mafuta kwapani, kwenye shati la bluu bahari, halina maelezo mazuri.

Siki ni binamu wa ndimu asiye na hasira za jua. Kijiko kimoja kwa vitatu vya maji, kwa pamba, usiku au asubuhi, acha pakauke kabisa. Harufu ya siki hupotea ikikauka. Isipakwe yenyewe bila maji, wala baada ya kunyoa. Inafanya kazi, lakini haifiki kwa shabu na inakufanya ubebe chupa. Siki naitunzia nguo, na nitaifikia.

Deodoranti ya dukani

Hapa watu wengi wanalinganisha vitu viwili wakidhani ni kimoja. Deodoranti hubana bakteria na kuweka manukato. Utaloa kama kawaida, ila hutanuka. Kizuia jasho kina chumvi za alumini zinazoziba kwa muda midomo ya vijitundu vya jasho. Majimaji yenyewe yanapungua. Kuwa cha kuviringisha au cha kupuliza hakuna uhusiano na hilo. Geuza kopo usome viambato: ukiona alumini, na si ile ya shabu, ni kizuia jasho.

Kwa mtu ambaye shida yake ni duara la maji kwenye shati na si harufu, hakuna cha asili kinachoshindana na kizuia jasho. Shabu hukausha kidogo tu. Nalisema hili ingawa makala ni ya njia za asili, kwa sababu nimeona watu wanahama kutoka ndimu kwenda siki kwenda mwarobaini wakitafuta ukavu ambao hakuna hata kimoja kati ya hivyo kiliwahi kuuahidi.

Kizuia jasho hufanya kazi vizuri zaidi kikipakwa usiku, tezi zikiwa zimetulia, kwenye ngozi kavu. Asubuhi ukaoge tu. Kinga haiondoki na maji. Wengi hupaka asubuhi wakiwa bado na unyevu wa kuoga, wakakimbilia kituoni, halafu wanalaumu kopo. Hofu ya saratani ya matiti imezunguka miaka mingi na haijathibitishwa. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo ndiye anayepaswa kumuuliza daktari wake kwanza kuhusu alumini. Gharama halisi ya kizuia jasho ni njano kwenye mashati meupe, maana alumini na jasho hushikana na kitambaa.

Udi, marashi na karafuu

Sina ugomvi na udi. Nguo iliyofukizwa juu ya chetezo usiku wa kuamkia Ijumaa haina mpinzani. Lakini udi ni wa nguo safi kwenye mwili safi. Ukiweka udi, ubani au marashi juu ya kikwapa unapata harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili. Mafuta ya karafuu moja kwa moja kwapani usipake, yanaunguza na huleta mzio. Msio na liwa ni vya kusugua na kunukisha mwili kabla ya kuoga, vifanye kazi hiyo. Majani ya mwarobaini kwenye maji ya kuoga hayana ubaya, hayana muujiza.

Huenda adui ni shati

Sehemu hii ningeiweka juu kabisa, ila hakuna anayesoma ulinganisho wa mashati akitafuta dawa ya kikwapa.

Jipime hivi. Chukua shati ulilolifua vizuri, linanukia sabuni. Washa pasi, ipitishe kwenye mshono wa kwapa, kisha uinamie unuse. Kama harufu ya jana inapanda na mvuke, kwapa lako halina kosa. Harufu ilibaki kwenye nyuzi, na joto la mwili saa nne asubuhi litafanya kilekile ilichofanya pasi.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwavalisha watu 26 fulana za pamba na za poliesta, wakawaendesha baiskeli za mazoezi kwa saa moja, kisha wakazihifadhi fulana na kuzinusa siku iliyofuata. Za poliesta zilinuka vibaya zaidi. Bakteria wa jamii ya Micrococcus walinawiri kwenye poliesta kuliko kwenye pamba. Poliesta hainywi maji, lakini mafuta ya mwili huyashika na haiyaachii kirahisi.

Sasa angalia kabati lako. Jezi ya Simba au ya Yanga ni poliesta. Mashati ya tetroni ya sare za shule yana poliesta. Kanzu nyingi za bei nafuu ni poliesta. Mtu akinunua shabu bora Kariakoo nzima akaivalia jezi ileile siku tatu, shabu haina kosa.

Kwa nguo zilizokwisha shika harufu: zigeuze ndani nje, ziloweke nusu saa kwenye ndoo ya maji yenye kikombe cha siki, zikamue, ndipo uzifue kwa sabuni. Sugua mshono wa kwapa kwa mkono, mashine peke yake huupita juu juu. Anika juani zikiwa bado zimegeuzwa. Kamwe usitie siki na jiki kwenye ndoo moja. Zinatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha si mahali pa kukutana nayo.

Na nywele za kwapani nazo ni nguo kwa namna yake. Zinashika majimaji na zinaizuia sabuni isifike ngozini. Waislamu wana agizo la kutoziacha zipite siku arobaini. Kwa kikwapa, hata nusu ya muda huo inasaidia. Ukiosha, osha kwa kiganja na sabuni, mizunguko kadhaa, kisha ujifute hadi pakauke. Dodoki lililoning'inia bafuni likiwa bichi wiki nzima linarudisha kile ulichokiondoa.

Chakula, kwa ufupi

Kunywa maji ya ndimu hakubadilishi kwapa. Kitunguu saumu hupita kwenye pumzi na jasho, lakini kwa muda. Uwatu ndio wa kuangaliwa: una kemikali inayotoka kwenye jasho na mkojo ikiwa na harufu tamu, na mama anayenyonyesha akinywa uji wa uwatu asifikiri anaumwa. Utafiti mmoja wa Jamhuri ya Cheki, mwaka 2006, uliona jasho la wanaume walioacha nyama nyekundu kwa wiki mbili likipokewa vizuri zaidi na wanawake walionusishwa. Sitamnyang'anya mtu mshikaki wake kwa hilo.

Wakati jiwe na ndimu vyote si jibu

Harufu iliyobadilika ghafla kwa mtu mzima, bila kubadili nguo wala sabuni, ipelekwe hospitali. Harufu ya matunda kwenye pumzi, na kiu na kukojoa sana, inaweza kuwa kisukari kilichopanda. Harufu ya samaki isiyoisha hata ukioga mara tatu inaweza kuwa hitilafu ya mwili kushindwa kuvunja kemikali iitwayo trimethilamini, na hakuna cha kupaka kitakachoigusa. Mtoto wa kike chini ya miaka minane, au wa kiume chini ya tisa, akianza kikwapa cha kikubwa, aonwe na daktari, huenda balehe imewahi.

Vilevile yule anayetiririka akiwa amekaa chini ya feni, viganja vinalowesha karatasi ya mtihani, anabadili shati mara mbili kwa siku. Huo ni ugonjwa unaojulikana na una tiba: alumini kloridi yenye nguvu kuliko ya dukani, na kwa wengine sindano za kutuliza tezi. Ulizia kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya rufaa. Kwa walio kaskazini mwa Tanzania, KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu wa kanda nzima. Nenda na orodha ya ulivyokwisha kupaka, ndimu ikiwemo, maana wataiona kwenye ngozi hata usipowaambia.